Supu Iliyopewa Bibi Mwingine

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mwili unasemaje, na ule mgongo uliokusumbua mwaka jana umetulia? Sisi huku Mungu anatubeba. Shemeji yako anakohoa kila asubuhi kama pikipiki isiyotaka kuwaka, lakini akishapata chai anawaka. Mpwa wako mkubwa amemaliza mafunzo ya ukunga na ameanza kazi. Juzi alizalisha mapacha, akarudi nyumbani anatembea kwa kujishika kiuno, utadhani yeye ndiye aliyezaa. Shangazi yetu ni yuleyule: sikio moja limefunga kabisa, la pili linasikia linachotaka. Mimi nipo kwenye cherehani yangu, sare za shule zimejaa mpaka dirishani. Nakuombea kila alfajiri kabla sijagusa kitu. Hata leo nimekuombea, ingawa leo nimekuombea meno yameumana.

Nataka nikueleze safari yetu ya kisiwani kwako tangu mwanzo, ili uone mwenyewe nilifikaje pale nilipofika.

Tulikwenda wanawake kumi na mmoja wa karakana yetu, siku tatu. Miaka minne umekuwa ukiniandikia, dada njoo uone kisiwa, dada njoo ule samaki. Nilipokujibu kwamba nakuja, ukaniandikia mistari mitatu: siku hizo hutakuwepo, umetumwa ng'ambo kuchukua majiko mapya. Niliumia, lakini nikasema kazi ni kazi, kisiwa hakihami.

Kwa kweli Mungu alipokuwa anapaumba hapo hakuwa na haraka. Kuna mahali maji ni maangavu hivi kwamba nilisimama hadi magotini nikaona vidole vyangu vya miguu, na kile kidogo kilichopinda. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wenzangu wakacheka. Tulipelekwa kwenye maporomoko ya maji, tukarudi tumelowa kama nguo za kufua. Tulipanda hadi mnara wa taa. Tulikula samaki wa kuchoma wakiwa bado wanatoa moshi, na matunda ambayo maji yake yalitutiririka hadi kwenye viwiko. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Mama Pindo kwa sababu hawezi kumwona mtu bila kumkagua pindo la sketi, alipewa kipande cha pweza pale ufukweni, akakitafuna mpaka tukafika mnarani. Kiongozi wa watalii alikuwa kijana mmoja mwenye kipaza sauti. Hata ukiwa umesimama hatua moja kutoka kwake, anakupigia kelele nacho. Tukamwita Spika.

Siku ya tatu mchana Spika akatangaza, "Sasa akina mama, tunakwenda kula historia!" Akatupeleka kwenye mkahawa ulio juu ya kilima, wenye vigae vya kijani na madirisha yanayotazama bahari pande mbili. Nilijua ndiko unakofanya kazi. Nilifurahi. Nilijisemea, angalau nitaona jiko lake.

Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya bibi mmoja kizee aliyevaa hereni. Spika akainyoshea kidole. "Huyu ndiye bibi mzaa baba wa mwenye mkahawa. Yeye ndiye aliyevumbua supu ya jiwe, miaka themanini iliyopita, jikoni kwake, hapahapa kilimani!"

Bakuli likaja. Supu ya samaki ya nazi, na ndani yake jiwe jeusi la mtoni, ukubwa wa yai, lililotoka kwenye makaa, na supu inachemka yenyewe mbele ya uso wangu. Nilinusa. Nikaonja mara moja. Kijiko, ndimu ilichomwa na ganda lake. Tangawizi ilitiwa mwisho kabisa, mbichi. Sikuhitaji kuonja mara ya pili.

Nilisimama. Mwenye mkahawa akaja mbio, mwanamke mrefu mwenye miwani mikubwa.

"Mama, kuna tatizo? Kuna nzi?"

"Hakuna nzi," nikamwambia. "Kuna mama yangu humu."

"Samahani?"

"Supu hii ni ya mama yangu. Nimeinywa kando ya kitanda chake, kwa mkono wake mwenyewe kanisogezea bakuli. Huyo wa ukutani simjui na wala yeye hamjui mama yangu."

Akacheka, kile kicheko cha kuwachekea wageni. "Supu zinafanana, mama."

"Watoto pia wanafanana, lakini kila mmoja ana aliyemzaa. Niitie mpishi."

"Mpishi yuko likizo."

Mama Pindo alinishika mkono akanitoa nje, na Spika kwa mara ya kwanza akashusha kipaza sauti chake.

Sasa nakuuliza wewe. Nani alimpa yule mwanamke supu ya mama? Siku arobaini hazikuwa zimepita tangu tumzike ulipobeba begi lako ukaondoka, hukuchukua hata kanga yake moja. Nilidhani ni uchungu. Kumbe ulikuwa umeshabeba ulichokitaka. Umemchukua marehemu mama yetu, umemvua jina, umemvika bibi wa watu mwenye hereni. Mimi niliyemuuguza kwa sala usiku na mchana nakwenda kusikia habari zake kwenye kipaza sauti!

Nisipopata maelezo yako, nitawaambia ndugu wote. Na kama maelezo yenyewe ndiyo haya ninayoyafikiria, usiniite dada tena.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 21 Machi

Dada yangu,

Salamu. Mimi mzima. Mgongo upo, unauma wakati wa mvua. Nimefurahi kwa habari za mpwa wangu, mwambie mjomba anajivunia. Shemeji apunguze sigara, asisingizie vumbi.

Nimefurahi pia kwamba maporomoko umeyaona. Watu wengi huenda mchana jua likiwa kali, lakini asubuhi ndiyo yanapendeza, kuna ukungu. Kama ungekaa siku moja zaidi ungeona upande wa mashariki, mchanga wake ni mwekundu kidogo.

Kuhusu hilo jingine sina mengi. Nilikuambia sikuwepo, na sikuwepo. Lakini nitasema hivi: si vizuri mtu mzima, mcha Mungu, kuangusha benchi mbele ya wageni kwa ajili ya bakuli. Wale watu wanakula kwa heshima zao. Mimi ndiye ninayeishi hapa, wewe ulipanda feri ukaenda zako. Supu ni maji na samaki, dada, haina cheti cha kuzaliwa.

Na usiniandikie habari za kumuuguza mama. Andika chochote, lakini hilo usiniandikie mimi.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Kwako Kijiko,

Sikuulizi hali yako leo, Mungu anisamehe, nitakuuliza siku nyingine. Shangazi ameanguka bafuni lakini hakuvunjika kitu, ila ndoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa na nikaimaliza nimesimama. Mimi nilikuandikia kwamba nilisimama. Habari ya benchi kuanguka sikukuandikia, kwa sababu niliona aibu. Umeijuaje? Utasema ulisimuliwa. Haya. Na kandambili nazo zilisimuliwa? Wakati Mama Pindo ananivuta nje, tulipita kwenye mlango wa nyuma wa jiko. Pale kizingitini palikuwa na kandambili za buluu, ya kushoto imefungwa kamba kwa waya wa shaba, mafundo mawili, kama unavyofunga tangu uko darasa la pili. Majiko mapya uliyachukua pekupeku?

Sikuandika hilo barua ya kwanza kwa makusudi. Nilikuachia nafasi useme mwenyewe. Mtu akikuachia mlango wazi, wewe unapita dirishani.

Ulikuwa ndani. Ulinisikia. Umbali wa ukuta mmoja, Kijiko! Sauti ya dada yako unaijua, ndiyo iliyokufundisha kuhesabu. Nikasimama katikati ya wageni nikimtetea mama peke yangu kama kichaa, na wewe umekaa huko unachochea makaa chini ya jiwe la uongo.

Nimewaambia. Jumapili nyumbani kwangu walikuwepo baba mdogo na watoto wake, na kikundi chetu cha sala kizima, nikasema yote. Nikawaomba tumwombee ndugu aliyemuuza mama yake kwa ajili ya kofia nyeupe ya upishi. Baba mdogo alipiga meza. Wanawake walilia. Shangazi peke yake alikaa kimya anachambua mchele, na nilipomwuliza, "Shangazi, na wewe husemi kitu?" akaniambia, "Nitasema nini, mchele una mawe." Sijui alikuwa anakwepa nini.

Watoto wangu wanaijua ile supu. Kila nikipika nawaambia, hii ni ya bibi yenu. Sasa niwaambie nini, kwamba ina bibi wawili?

Unasema nisikuandikie habari za kumuuguza mama. Kwa nini? Nilikuwa natuma sabuni, nilikuwa natuma mashuka, nilisali mpaka magoti yakaota sugu. Kazi ya sare haikuniruhusu kuja kukaa, unajua hilo, na mama alijua.

Kwa sasa sina mdogo. Mungu akikugusa moyo ukasema kweli, nitafikiria.

Mimi


Tarehe 29 Mei

Dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Samahani kwa kukawia, kalamu nimeishika mara nyingi na kuiweka. Natumaini shangazi ameshapona na mmenunua ndoo nyingine. Usiandike tena kwa anwani ya mkahawa, andika kwa hii niliyoweka nyuma ya bahasha. Ni jikoni kwa wapakuaji mizigo wa gatini. Napika sufuria mbili kubwa kwa siku. Hapa hakuna bahari pande mbili, kuna ukuta na kreni, lakini wanakula vizuri na hawapigi picha chakula.

Nitaandika mara moja tu, kwa hiyo soma taratibu.

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kila neno. Ulipoondoka, Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye mkahawa, aliingia jikoni akaniuliza, "Yule mwanamke unamjua?" Nikasema, "Simjui." Akauliza tena, maana alikuwa ametuona tunafanana pua. Nikasema, "Mama, simjui yule." Sijawahi kusema neno zito kama hilo, na lilitoka jepesi. Hilo ni kosa langu, na ndilo ninalokuomba msamaha. La supu sikuombi.

Unakumbuka nyumba ya mama ilivyo? Jiko liko nje, ng'ambo ya ua, karibu na choo. Chumba alicholala ni cha nyuma kabisa. Mwaka ule wa pili wa ugonjwa mama hakuweza tena kumeza kitu kigumu, na kikiwa kimepoa alikuwa anakitema. Mimi napika supu, natoka nayo, nafunga mlango wa jiko kwa sababu ya kuku, navuka ua, nafungua mlango wa nyumba, namwinua mama, namwekea mito, namfuta mdomo, nikija kushika kijiko supu imeshapoa. Nairudisha. Napasha. Navuka tena. Siku nyingine mara nne. Mama alikuwa anasema, "Acha mwanangu, sina njaa," na nilikuwa najua ana njaa.

Siku moja nilikasirika. Si na mama, na ua. Niliokota jiwe moja kati ya yale matatu yaliyoshikilia bati la banda la kuku, nikaliosha, nikalitupa kwenye makaa, likawa jekundu, nikalitia kwenye bakuli la bati. Likapiga kelele. Nikavuka ua nalo. Nikamwinua, nikampanga mito, nikamfuta mdomo, na supu bado inachemka. Tulisubiri ipoe, dada! Mama alicheka. Tulisubiri ipoe. Siku ile alimaliza bakuli.

Ndimu nilichoma kwa sababu mbichi ilikuwa inamwuma vidonda vya mdomoni. Tangawizi nilitia mwisho ili aisikie harufu, maana ladha nyingine zilikuwa zimemtoka.

Wewe ulipokuja, ulikaa siku mbili. Ulikaa chumbani kwake, hukutoka kwenda jikoni, mimi nikaleta bakuli mpaka mlangoni, mama akalipokea akakusogezea akasema, "Kunywa supu yangu, mwanangu." Alisema yangu kwa sababu ilikuwa yake, ilipikwa kwa ajili yake. Niliona ulivyomwangalia. Ulifurahi kwamba bado anapika. Nikasema moyoni, acha afurahi. Kisha ulikuja msibani ukawasimulia watu supu ya mama, nikanyamaza. Ningesema nini, siku ya mazishi, kwamba hata hii si yake? Ikapita mwaka, ikapita miwili. Neno ukilikalia muda mrefu linakuwa gumu kulitoa.

Nilipofika huku, Tajiri aliniambia nipike kitu ambacho hakijaonekana kisiwani. Nikapika hicho. Akasema kizuri, umekitoa wapi? Nikamwambia ukweli, nilikipika kwa ajili ya mama yangu mgonjwa. Akasema, "Hilo usilirudie. Watu wanakuja hapa kupumzika, hawataki kula chakula cha mgonjwa." Ndipo akaja yule bibi wa ukutani. Ile picha aliikuta kwa fundi wa fremu, iko ndani ya fremu ya kuuzia. Bibi yake halisi yu hai. Alikuja kula mara moja, akatoa jiwe kwa kijiko akauliza, "Ni mzembe gani huyu ameacha jiwe kwenye chakula?" Tulicheka jikoni mpaka tukaegemea mapipa. Mimi nilicheka pia. Nilikubali, dada. Nilichoka, nilitaka mahali pa kusimama, na kusema kweli niliona afadhali iwe ya bibi wa fremu kuliko niikumbuke kila siku ilivyo.

Sikukupokea kwa sababu sikutaka uisikie ile hadithi ya Spika huku unaniangalia usoni. Ni hilo tu. Majiko yalikuwa uongo.

Barua yako ya pili ilifika katikati ya Aprili. Wiki ileile walikuja wageni wakubwa, Tajiri akataka mimi nitoke na kofia yangu niwasimulie habari za bibi. Nikatoka. Nikafungua mdomo, nikasema, "Supu hii niliipika mimi, kwa ajili ya mama yangu, alipokuwa hawezi kutoka kitandani." Mgeni mmoja akaweka kijiko chini. Kwa hiyo Tajiri hakuwa amekosea kabisa. Jioni ile akanifukuza, nikavua aproni.

Sasa umejua. Uliwaambia watu nimemuuza mama. Mama sikumuuza. Nilichoachia kilikuwa changu, na hata hicho hakukuwa na ndugu aliyewahi kuniuliza ni cha nani. Hilo ndilo linalonichoma, si kufukuzwa. Miaka minne nyumbani mnakunywa, na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, mwanamke asiyeweza kukaa mwenyewe alikuwa anachoma mawe kwa mikono ipi?

Mdogo wako, kama bado unaye


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Salamu zikufikie. Mgongo unaendeleaje kwa kuinua hizo sufuria kubwa? Usiinue peke yako, ita mtu. Unapata usingizi? Unalala wapi? Hukuandika. Shemeji yako anakusalimu, ameacha sigara tangu Jumanne, leo ni Alhamisi na nyumba nzima tunamwogopa. Mpwa wako mkubwa ameisoma barua yako mbele yangu, akaikunja, akaniambia, "Mama, mjomba alikuwa anafanya kazi ya wauguzi watatu." Kisha akaondoka kwenda kazini bila kunywa chai.

Nimekasirika. Nakuandikia bado nimekasirika, na nitaanza na wewe ili nikumalize. Kwa nini ulinyamaza? Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, nasimulia watu uongo kwa kinywa changu hiki kinachosali, na wewe unanitazama! Ulidhani unanionea huruma? Huruma gani hiyo ya kumwacha mtu ajivunie asichokijua, mpaka akasimama kwenye mkahawa wa watu akaangusha benchi? Na hilo la kusema hunijui. Nimelisoma mara nyingi. Linauma kila mara mahali palepale. Lakini mimi niliandika sina mdogo, tena kwa kalamu, wala hakuna aliyekuwa amenishika shati. Kwa hiyo tuko sawa, na wa kwanza kuomba msamaha nilipaswa kuwa mimi.

Yule Tajiri nitaendelea kumkasirikia, usinizuie. Chakula cha mgonjwa! Yeye hajawahi kuugua? Hana mama? Bado anawapa watu bakuli lile na bibi wa fremu anatabasamu ukutani. Mama Pindo anataka twende kumi na mmoja tena tukaagize supu, tukae hapo mchana kutwa tukimweleza kila mgeni anayeingia. Sijamkatalia.

Nilikwenda kwa shangazi. Nilikaa upande wa sikio linalosikia.

"Shangazi, ile supu ya jiwe nani alikuwa anapika?"

"Kijiko."

"Ulijua?"

"Nilikuwa namshikia mlango wa nyumba. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge, akavipaka asali."

"Mbona siku ile ya watu hukusema?"

Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyekata kitambaa kabla ya kupima. "Uliniuliza? Ulikuja na hasira zako umeshazishona na vifungo umeshatia, ukataka sisi tuzivae tu."



Sasa kuna jambo lililobaki. Hukuliandika, kwa uungwana wako, ila uliniambia nisikuandikie wewe habari za kumuuguza mama. Nitaliandika mwenyewe, maana nisipoliandika nitakuwa nimekuachia ubebe na hili.

Haikuwa sare. Nilikuwa nikisema sare kwa sababu ni neno fupi. Siku ile ya kwanza nilipofika, nilisukuma mlango wa chumba cha mama bila kubisha. Ulikuwa umemgeuza ubavu, unamwosha, beseni iko sakafuni, na ulikuwa unamwimbia polepole ili asione aibu. Nilirudi nyuma, nikafunga mlango. Nyinyi hamkuniona. Nikajisemea, kazi ya binti inafanywa na mtoto wa kiume, na inafanywa vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Badala ya kuingia niichukue ile beseni pale sakafuni, nilisubiri kesho yake nikachukua mkoba wangu. Nikasema kazini wananisubiri. Hakuna aliyekuwa ananisubiri, nilikuwa nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Siku kumi na mbili zilizobaki nilikaa nyumbani kwangu nimefunga mapazia. Baada ya hapo kila nikitaka kuja naiona ile beseni, na nazidisha sala. Nilisali sana, Kijiko, hilo si uongo. Lakini nilikuwa nasali kwa mbali ili nisiwe karibu, na Mungu anajua tofauti yake, nami najua anajua.

Ndiyo sababu niliishikilia ile supu. Ndicho kitu pekee nilichopata kutoka kwa mama katika miaka ile miwili. Nilipoiona mezani kwa watu niliona wananinyang'anya cha mwisho. Kumbe hata hicho ulinipa wewe.

Jumapili iliyopita niliwaita walewale. Baba mdogo na watoto wake, kikundi cha sala chote, na shangazi nikamweka mbele. Baba mdogo alidhani nataka kukushtaki tena, alikuja ameshakunja uso tayari. Nilisimama nikasoma barua yako yote, pamoja na pale uliposema hunijui. Kisha nikawaambia la beseni. Nilidhani nitashindwa, nikalisema. Baba mdogo aliuliza, "Sasa unataka tufanye nini?" Nikamwambia, "Nataka kila aliyelia siku ile kwa sababu ya maneno yangu ajue alililia uongo. Na aliyepiga meza aandike barua kisiwani." Ameomba kalamu. Utapata barua yake, ina makosa ya tahajia lakini ipokee.

Wanawake wa kikundi walianza kunifariji, dada wewe pia uliumia, Mungu ni mwenye rehema. Nikawakasirikia hata wao. Rehema ninaijua, nikawaambia, lakini leo msiniharakishe kuifikia. Mwacheni kwanza mdogo wangu apewe chake.

Sikuombi urudi nyumbani. Una kazi, na hao watu wa gatini wanakula vizuri. Nitakuja mimi mwezi ujao, shule zikifunga, peke yangu, bila Spika wala Mama Pindo. Sitaki kuona maporomoko. Nitakaa jikoni kwako, unipe vitunguu nimenye, na kama hutaki kuzungumza hatutazungumza. Lakini sitapanda feri kabla hujaniambia mwenyewe kwamba nije. Safari ile nilikuja nikidhani nina haki ya kukaribishwa.

Niambie kama nije, na niambie kama bado ni dada yako. Nijibu upesi, hata kama ni mistari miwili tu.

Dada yako, ukinikubali